Kwadratusi Lumborumu: Maswali na Majibu kwa Wanaojiandaa na Mtihani wa Anatomia

Marudio haya ni ya wanafunzi wa utabibu, uuguzi na fiziotherapia. Sikufuata mpangilio wa kitabu. Nimefuata namna watahini wanavyouliza, na msuli huu wanaupenda kwa sababu wanajua wengi wetu huukariri kwa mstari mmoja kisha huruka kwenda kwenye figo. Funika jibu kwa karatasi, jibu kwa sauti, ndipo ufunue.

1. Msuli huu uko wapi, unaanzia wapi na unaishia wapi?

Kwadratusi lumborumu ni msuli bapa wa pembe nne, mmoja kila upande wa uti wa mgongo, unaoziba nafasi iliyopo kati ya ubavu wa mwisho na mfupa wa nyonga. Chini umeshika ligamenti ya iliolumba pamoja na sehemu ya nyuma ya ukingo wa juu wa mfupa wa nyonga, kwa urefu wa takriban sentimita 5. Juu umeshika nusu ya ndani ya ukingo wa chini wa ubavu wa 12. Upande wa ndani, kwa kano nne ndogo, umeshika ncha za vichomozo vya pembeni vya pingili za kiuno, L1 hadi L4.

Hapo alama zako umeshazipata. Ongeza jambo moja kama nafasi ipo: nyuzi zake haziendi njia moja. Kuna zinazotoka nyongani hadi ubavuni, kuna zinazotoka nyongani hadi kwenye pingili, na kuna zinazotoka kwenye pingili hadi ubavuni. Tabaka hizi hupishana, na kiasi cha kila moja hutofautiana kati ya mtu na mtu. Ndiyo maana msuli unaoukuta kwenye maiti ya chumba cha anatomia mara nyingi haufanani na ule uliochorwa kitabuni. Usidhani umepasua vibaya.

2. Je, ni msuli wa mgongo?

Kwa mgonjwa, ndiyo, maana hapo hapo ndipo anapoweka kiganja akisema mgongo unamuuma. Kwa mtahini, siyo. Ni msuli wa ukuta wa nyuma wa tumbo, na anayekuthibitishia hilo ni neva.

Kila neva ya uti wa mgongo ikishatoka kwenye tundu lake hugawanyika. Tawi la nyuma huelekea kwenye misuli halisi ya mgongo: multifidasi, longisimasi, iliokostalisi na wenzao. Tawi la mbele huhudumia kila kilichobaki, yaani misuli ya katikati ya mbavu, ukuta wa tumbo, mikono na miguu. Kwadratusi lumborumu huhudumiwa na matawi ya mbele ya T12 hadi L4 (vitabu vingine huishia L3, andika kimojawapo bila wasiwasi). Kwa asili, basi, ni ndugu wa misuli ya mbavu na ya tumbo. Misuli ya mgongo ni majirani zake tu, wanaotenganishwa nao na ukuta wa fasia.

Swali la kuchagua linalorudi kila mwaka kwa sura mpya ni hili: kati ya misuli minne, upi haupati neva kutoka tawi la nyuma? Ukishaliweka hilo kichwani, huhitaji kukariri orodha. Na kanuni yenyewe itakusaidia mbele zaidi ya hapa: ukishindwa kujua msuli ni wa kundi gani, fuata neva yake.

3. Taja vitu vilivyo mbele ya msuli huu. Kwa nini mpangilio huo una maana kwa daktari wa upasuaji?

Hili ndilo swali lenye utajiri, na ndilo wanafunzi hulijibu kwa haraka kupita yote.

Mbele kabisa kuna figo, ikiwa ndani ya mafuta yake. Figo imelalia vitu vinne: diaframu kwa juu, na kwa chini, kutoka ndani kwenda nje, msuli wa soasi kuu, kwadratusi lumborumu, kisha msuli mpana wa ndani kabisa wa tumbo. Chora mistari hiyo mitatu mara chache kwenye daftari. Ni mchoro unaoulizwa sana. Mbele ya msuli pia kuna utumbo mpana, sehemu inayopanda kwa kulia na inayoshuka kwa kushoto.

Kati ya figo na msuli zinapita neva tatu zikiteremka kwa mshazari kuelekea nje: neva ya chini ya ubavu (T12), iliohipogastriki na ilioingwinali (hizi mbili ni za L1). Anayefungua kiuno kutokea nyuma ili aifikie figo lazima azijue, kwa kuwa akizikata mgonjwa atabaki na ganzi sehemu ya chini ya tumbo na kinenani, na ukuta wa tumbo utalegea upande huo. Neva hizo hizo ndizo zinazoeleza kwa nini maumivu ya figo yanaweza kusikika hadi kinenani.

Nyuma ya msuli kuna tabaka la kati la fasia ya kiuno, kisha misuli minene inayonyoosha mgongo. Kwa maneno mengine msuli wetu umefungwa kwenye mfuko wa fasia, mbele na nyuma. Kumbuka mfuko huo. Utaukuta tena kwenye swali la ganzi.

4. Damu yake inatoka wapi?

Kwenye ateri za kiuno zinazotoka kwenye aota, ateri ya chini ya ubavu, na tawi la kiuno la ateri ya iliolumba. Sentensi moja inatosha. Sijawahi kuona swali lililotaka zaidi.

5. Eleza kazi za msuli huu.

Jibu la kitabu ni hili. Ukikaza upande mmoja huku nyonga imetulia, hupinda kiwiliwili kuelekea upande huo. Ukikaza upande mmoja huku kifua kimetulia, huinua nyonga ya upande huo. Ikikaza yote miwili, husaidia kunyoosha kiuno kurudi nyuma. Na wakati wa kuvuta pumzi hushikilia ubavu wa 12 usipande.

Liandike hivyo hivyo kwenye karatasi ya mtihani. Ila ukiitwa kwenye mtihani wa mdomo, ongeza kwamba nguvu yake kwenye uti wa mgongo ni ndogo kuliko vitabu vinavyodokeza. Mwaka 2008 Phillips, Mercer na Bogduk walipima nyuzi za msuli huu kwenye maiti, wakapiga hesabu ya nguvu ambayo kila kundi la nyuzi linaweza kutoa. Walikuta kwamba mgandamizo wake kwenye pingili, nguvu yake ya kunyoosha mgongo na nguvu yake ya kuupinda upande hazizidi asilimia 10 ya zile zinazotolewa na misuli inayonyoosha mgongo pamoja na multifidasi. Wenyewe walihitimisha kwamba jukumu lake halisi bado halijabainishwa.

Maoni yangu: msuli huu uelewe kama mshikaji kuliko msogezaji. Angalia mahali ulipofungwa. Umekamata ubavu unaoelea, pingili nne na nyonga, vitu ambavyo vyote vinasumbuliwa na kila hatua na kila pumzi. Kazi inayoonekana wazi zaidi ni kuvizuia visisogee ovyo wakati misuli mikubwa inafanya kazi yake.

6. Mama amebeba ndoo ya maji kwa mkono wa kulia. Kwadratusi lumborumu upi unafanya kazi zaidi?

Wa kushoto. Ndoo inamvuta apindie kulia, kwa hiyo upande wa kushoto ndio unaokaza ili abaki wima. Wanaosema kulia wamechanganya upande wenye mzigo na upande wenye kazi. Akibeba ndoo mbili zenye uzito sawa, mvuto wa kupinda upande unafutika, ingawa uzito unaokandamiza pingili unaongezeka.

7. Mtu anasimama kwa mguu wa kulia, wa kushoto umeinuliwa. Nani anazuia nyonga ya kushoto isianguke?

Wawili, na kila mmoja yuko upande wake. Kulia, kwenye mguu uliokanyaga, ni msuli wa kati wa makalio unaovuta nyonga kutokea chini. Kushoto, upande ulioinuliwa, ni kwadratusi lumborumu unaovuta nyonga kutokea juu. Mtahini mwenye huruma atakubali jibu la kwanza peke yake. Asiye na huruma atakuuliza: na aliyepooza msuli wa makalio wa kulia, nyonga yake ya kushoto ikianza kushuka, atafidia vipi? Jibu: ataegemeza kiwiliwili kulia, juu ya mguu uliokanyaga, na kwadratusi lumborumu wa kushoto unaweza kusaidia kidogo lakini hauwezi kuziba pengo lote.

8. Kupumua kunahusianaje na msuli wa kiunoni?

Sehemu ya juu ya fasia iliyoufunika kwa mbele imekuwa nene na kutengeneza upinde, kutoka kwenye kichomozo cha pembeni cha L1 hadi karibu na katikati ya ubavu wa 12. Huo ndio upinde wa nje, na baadhi ya nyuzi za diaframu huanzia hapo. Upinde wa ndani, jirani yake, umepita juu ya soasi.

Sasa fikiria diaframu ikikaza. Inajaribu kushuka, na wakati huo huo inazivuta mbavu za chini zipande. Ubavu wa 12 ukipanda, diaframu inapoteza mahali pa kuvutia. Kwadratusi lumborumu huushikilia ubavu huo chini. Kwenye utoaji wa sauti ndefu, kama msomaji wa Kurani au mwimbaji wa kwaya anayetaka pumzi itoke polepole, ushikaji huo husaidia diaframu kulegea kwa utaratibu.

9. Utaupima vipi kliniki?

Mgonjwa alale kifudifudi, mguu ukiwa umenyooka na umefunguliwa kidogo kwenda nje. Mwambie avute nyonga kuelekea mbavuni, nawe uvute mguu kuelekea chini kwa mstari ulionyooka. Linganisha pande mbili. Usijidanganye kwamba unapima msuli mmoja peke yake: misuli ya pembeni ya tumbo na iliokostalisi inashiriki, na hakuna namna ya kuinyamazisha.

Kwa mazoezi, zoezi linalotajwa zaidi ni kulala ubavu, kujiinua kwa kiwiko, na kuweka mwili umenyooka kutoka bega hadi mguu. Stuart McGill wa Chuo Kikuu cha Waterloo, Kanada, ndiye aliyelipa umaarufu, baada ya vipimo vya umeme wa misuli kuonyesha kwamba linaamsha kwadratusi lumborumu bila kuzikandamiza pingili kupita kiasi. Kwa anayeanza au mwenye maumivu, magoti yakunjwe na yabaki chini.

10. Kwa nini msuli huu unatajwa sana kwenye maumivu ya kiuno?

Kwa sehemu kubwa ni kazi ya Janet Travell, aliyekuwa daktari wa Ikulu ya Marekani kuanzia 1961, aliyemtibu John F. Kennedy maumivu ya mgongo. Yeye na David Simons waliandika vitabu viwili vinene kuhusu vinundu vya misuli vinavyouma vikibonyezwa na kupeleka maumivu mahali pengine. Kwa kwadratusi lumborumu walichora maumivu yanayoenda kwenye kiungo cha nyonga na sakramu, kwenye tako, kwenye kichomozo cha nje cha mfupa wa paja na wakati mwingine kinenani.

Michoro hiyo ina manufaa, hasa kwa mgonjwa anayesema maumivu yanampiga akigeuka kitandani au akikohoa. Lakini isome kwa tahadhari. Msuli uko ndani, kidole kinaufikia kwa shida kupitia ukingo wa nje wa misuli ya mgongo, na watabibu wawili wakimpapasa mgonjwa yule yule hawakubaliani kila mara walichokigusa. Mwanafunzi anayeandika "kwadratusi lumborumu" kwenye faili la kila mwenye maumivu ya kiuno amepata jina la ugonjwa kabla ya kumchunguza mgonjwa.

11. Mgonjwa anakuja na kusema, "Daktari, figo zinaniuma," akishika kiuno. Utatofautishaje?

Swali hili utaulizwa kazini kuliko darasani, kwa sababu watu wengi hapa kwetu wakiumwa kiuno huisingizia figo moja kwa moja.

Anza na mwendo. Maumivu ya msuli hubadilika mtu akipinda, akigeuka au akiinuka kitini, na hupungua akipata mkao unaomfaa. Maumivu ya mawe ya figo huja kwa mawimbi, na mgonjwa hapati mkao wowote wa nafuu; utamwona anahangaika kitandani, anainuka, anarudi. Uliza homa na baridi, kichefuchefu, mkojo unaochoma au wenye damu. Kisha gonga taratibu pembe ya figo, yaani kona iliyopo kati ya ubavu wa 12 na ukingo wa misuli ya mgongo. Akiruka kwa maumivu, hasa akiwa na homa, fikiria maambukizi ya figo.

Ila angalia: chini ya kona hiyo hiyo ndipo ulipo msuli wetu, umelala kati ya mkono wako na figo. Kugonga peke yake hakuamui. Pima mkojo.

Na wapo ambao si wa figo wala wa msuli. Mwenye umri mkubwa aliyeanza ghafla maumivu makali ya kiuno na tumbo akiwa amepauka, aota inaweza kuwa inavuja. Anayepungua uzito, anatoka jasho usiku na maumivu hayamwachi hata akilala, fikiria kifua kikuu cha uti wa mgongo. Percivall Pott alikielezea mwaka 1779 na bado tunakiona wodini. Usaha wake huteremka ndani ya ala ya soasi, siyo ya kwadratusi lumborumu, na huweza kujitokeza kama uvimbe kinenani usio na joto. Swali la "jipu baridi" linataka jina la soasi. Wengi huandika msuli usio wake.

12. Ganzi ya kwadratusi lumborumu ni nini?

Ni dawa ya ganzi inayomwagwa kwenye fasia inayouzunguka msuli, kwa kuongozwa na ultrasaundi, ili kupunguza maumivu ya ukuta wa tumbo baada ya upasuaji. Rafael Blanco aliieleza mwaka 2007. Zipo njia kadhaa kulingana na mahali sindano inapoishia: pembeni ya msuli, nyuma yake, au mbele yake kati yake na soasi. Hutumika, miongoni mwa mengine, kwa akina mama waliojifungua kwa upasuaji.

Hapa ule mfuko wa fasia wa swali la 3 unarudi. Dawa hailengi msuli. Inalenga neva zinazopita juu yake, na fasia inayoendelea hadi karibu na uti wa mgongo hutoa njia ya dawa kusambaa. Hatari zake utazitaja bila kukariri ukizikumbuka jirani: figo na utumbo mpana vinaweza kuchomwa, na dawa ikifika kwenye neva za mguu mama anaweza kusimama na goti likamlegea. Asiinuke peke yake saa za mwanzo.

13. Michubuko ya bluu ubavuni kwa mgonjwa wa kongosho inahusianaje na msuli huu?

Ni alama ya Grey Turner, daktari wa upasuaji wa Uingereza aliyeieleza mwaka 1920. Kongosho ikivimba vibaya na kuvuja damu, damu hiyo hupenya nyuma ya fuko la tumbo, huufuata ukingo wa nje wa kwadratusi lumborumu, kisha hujitokeza chini ya ngozi ya ubavu. Ikionekana, hali ni mbaya. Kutoonekana kwake hakumaanishi chochote.

14. Jibu ndiyo au siyo.

Msuli huu unashika L5? Siyo moja kwa moja, ingawa ligamenti ya iliolumba unakoanzia imeshika kichomozo cha pembeni cha L5. Uko mbele ya misuli inayonyoosha mgongo? Ndiyo. Unapita nyuma ya soasi? Ukingo wake wa ndani, ndiyo. Kwa warushaji wa kasi wa kriketi unaweza kuwa mkubwa upande mmoja? Ndiyo, na tafiti zimetofautiana kama hilo linaongeza hatari ya kuvunjika pingili.

15. Mkwezi wa minazi ameanguka, uti wake umekatika kabisa kwenye T10. Miguu haisogei. Wiki kadhaa baadaye, akiwa amefungwa vyuma vya mguu na ameshika magongo, anainua nyonga moja kisha nyingine na kupiga hatua. Mwanafunzi mwenzako anasema kwadratusi lumborumu umerudi. Je, ni kweli?

Siyo. Neva za kwadratusi lumborumu zinatoka T12 kushuka chini, zote ziko chini ya mahali palipokatika, kwa hiyo msuli huo umepooza. Tafuta msuli unaogusa nyonga lakini neva yake yote inatoka juu ya T10. Uko mmoja: latisimasi dorsi, ule msuli mpana unaoshika mfupa wa mkono karibu na kwapa, unafunika mgongo, na kupitia fasia ya kiuno unafika hadi ukingo wa mfupa wa nyonga. Neva yake inatoka shingoni, C6 hadi C8, na ajali haikuigusa. Akikandamiza magongo chini kwa mikono, mkono ndio unaotulia na nyonga ndiyo inayovutwa juu. Ndiyo maana mtaalamu wa fiziotherapia humwanzishia mgonjwa huyu mazoezi ya mikono na mabega mapema, akiwa bado kitandani.